Lubumbashi: Infografia iingie darasani, isibaki kandokando ya barabara

Kila mwaka, watoto wa Lubumbashi wanaomaliza mwaka wa 8 wa elimu ya msingi wanafanya mtihani unaoitwa TENASOSP. Ni mtihani wa kuchagua na kuelekeza. Unamwonyesha mwanafunzi na mzazi wake seksioni gani inamfaa kwa miaka 4 inayobaki kabla ya Exetat. Orodha inajulikana katika kila nyumba: sayansi, Latini na filozofia, ualimu, biashara, umeme, mekanika, ujenzi, ushonaji. Lakini mtoto anayejaza daftari zake kwa michoro, yule aliyetengeneza mwaliko wa ndoa ya dada yake kwa simu ya baba, kwa kawaida haoni jina la kazi yake kwenye orodha hiyo.

Hata hivyo kazi hiyo ipo, na haijifichi. Kutoka katikati ya mji hadi komini za Kenya, Kamalondo, Katuba na Kampemba, ni vigumu kumaliza barabara bila kuona kibanda kilichoandikwa infografia, serigrafia, fotokopi. Humo ndimo zinatoka kalenda za kanisa, kadi za kazi, kalikoti za kampeni, mabango ya maduka ya dawa, T-shirt zenye sura ya marehemu ambazo familia inavaa siku ya kilio. Wanaofanya kazi hiyo ni vijana. Wengi walijifunza kwa kusimama nyuma ya kiti cha rafiki, au kwa kutazama video siku ambazo mega za simu zilipatikana.

Kwa hiyo hakuna haja ya kujadili kama Lubumbashi inahitaji watu wa kazi hii. Mji umekwisha kujibu kwa pesa zake. Jambo la kujadili ni kwa nini shule ya sekondari, inayodai kumwandaa kijana kwa maisha, inaiacha kazi hii ifundishwe na barabara peke yake.

Somo lina nini ndani yake

Wazazi wengi wakisikia neno grafiki wanafikiri juu ya kuchora maua na kupaka rangi. Wengine wanafikiri juu ya kubofya kompyuta tu. Somo hili ni mambo yote mawili pamoja, na lina elimu kamili ndani yake.

Mfano mmoja unatosha, nao hutokea kila wiki. Mteja analeta nembo ya shirika lake, ameitoa kwenye WhatsApp, anataka kalikoti ya metre 3. Kijana anaivuta mpaka ienee, anachapisha. Kingo zinatoka na ngazi ngazi, maandishi yana ukungu. Mteja anakataa kulipa, kijana amepoteza kitambaa, wino na siku nzima. Sababu haina uchawi. Picha ya kawaida ni vipande vidogo vidogo vinavyoitwa pikseli. Ili ukurasa wa A4 utoke safi kwenye karatasi, unahitaji pikseli karibu 2480 kwa 3508. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuipunguza ili isafiri haraka. Nembo inayotakiwa kukua bila kuharibika huchorwa kwa mistari ya hesabu, yaani vekta, si kwa pikseli. Hilo ni somo la saa moja darasani, na asiyelipata analilipia miaka mingi.

Rangi nazo zina kanuni yake. Kioo cha simu kinaunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inaunda rangi kwa wino wa sianu, majenta, njano na nyeusi. Bluu inayong'aa kwenye kioo inaweza kutoka imefifia kwenye karatasi, na asiyejua hilo atagombana na mteja akidhani mashine imeharibika. Serigrafia ya T-shirt nayo ni kemia na fizikia ya kweli: kila rangi ina fremu yake, emulsheni inapakwa kwenye kitambaa cha fremu, mwanga unaikausha na kuifanya ngumu, na pale mwanga usipofika inaoshwa kwa maji ili wino upite. Mwalimu wa sayansi anayelalamika kwamba hana laboratwari angeweza kufundisha sura nzima ya programu yake kwa fremu moja ya mbao.

Kisha kuna lile ambalo mashine haliwezi kumpa mtu: kuamua kitu gani kisomwe kwanza, herufi iwe kubwa kiasi gani ili mama aliye upande wa pili wa barabara aisome, na maneno gani yaondolewe. Huko ni kufikiri kwa ajili ya mtu mwingine, na shule ndiyo mahali pa kufundisha hilo.

Bango baya linaweza kuua

Wako watakaosema kwamba kalikoti yenye ukungu si msiba. Ni kweli. Lakini picha na alama zinafanya kazi nzito kuliko kutangaza bia.

Katika barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi yanapita magari yanayobeba asidi ya viwanda vya shaba. Nyuma yake kuna alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, juu nyeupe, chini nyeusi, yenye mchoro wa maji yanayodondokea mkono na chuma. Alama hiyo inasema: mzigo huu unaunguza ngozi na kula chuma. Ndani ya migodi, duara jekundu lenye mstari linakataza, pembe tatu ya njano inaonya, duara la bluu linalazimisha, kijani kinaonyesha njia ya kutokea. Mpangilio huo ni wa kimataifa, na uliwekwa ili mfanyakazi asiyesoma Kifaransa, Kiingereza wala Kichina aelewe kabla hajapiga hatua nyingine. Fundi wa mabango asiyejua kanuni hizo, akaweka kijani pale panapotakiwa nyekundu, anaweza kumwelekeza mtu kwenye hatari badala ya kumwepusha.

Afya ni vilevile. Haut-Katanga ni mojawapo ya majimbo ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Tangazo lenye aya 3 za Kifaransa kwa herufi ndogo halimsaidii bibi wa Katuba anayechota maji kisimani. Mchoro mmoja wa ndoo, sabuni na maji yaliyochemshwa, pamoja na maneno 5 ya Kiswahili cha kwao, unaweza kuokoa nyumba nzima.

Hata kura imekuwa jambo la grafiki. Tangu uchaguzi wa 2018, na tena mwaka 2023, Mkongomani anachagua viongozi wake kwenye kioo cha mashine, akitafuta namba na sura ya mgombea. Aliyezoea kusoma ukurasa wa namna hiyo anapiga kura peke yake. Asiyezoea anaomba msaada, na anayeomba msaada siri yake imekwisha. Kwa hiyo somo hili halimhusu tu atakayeishi kwa infografia. Linamhusu kila raia.

Mji huu si mgeni wa picha

Ajabu ni kwamba Lubumbashi ina historia ambayo miji mingi ya Afrika ingeitamani. Mwaka 1946, wakati mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hapo ndipo walipokulia Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole, na Mwenze Kibwanga na mistari yake iliyosukana kama mkeka. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha shule ya sanaa ya mji, na baada ya kifo cha Desfossés mwaka 1954 njia hizo mbili zikaungana. Institut des Beaux-Arts ya Lubumbashi ya leo inatoka katika mzizi huo.

Tangu 1957, familia za wafanyakazi wa Union Minière, baadaye Gécamines, zilisoma gazeti la Mwana Shaba. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi katika picha karibu 100, akiandika maneno ndani ya picha zenyewe ili mtazamaji asipotee. Hiyo ilikuwa infografia kabla ya kompyuta. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alianza na katuni za kurasa akahamia fotografia. Leo kazi zake zinaonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani, na yeye ni mmoja wa walioanzisha mwaka 2008 mkutano wa picha uliozaa Biennale ya Lubumbashi. Na kwa wale wasiojali majumba ya sanaa, yupo mamba wa TP Mazembe mwenye mpira mdomoni. Mtoto wa miaka 4 wa Kamalondo anaitambua nembo hiyo kabla hajajua kusoma jina la klabu.

Mji wenye urithi huo hauwezi kusema kwamba kufundisha picha ni anasa iliyotoka ng'ambo.

Mlango tayari uko wazi nusu

Habari njema ni kwamba hakuna haja ya kuvunja ukuta. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inatambua masomo ya kiufundi na ya kazi kandokando ya masomo ya jumla. Programu mpya ya sayansi kwa mwaka wa 7 na wa 8 ina sehemu iitwayo SPTIC, inayounganisha fizikia, teknolojia na mbinu za habari na mawasiliano. Kwenye karatasi, kila mtoto wa umri huo anapaswa kukutana na teknolojia. Kinachokosekana ni mkono wa pili, yaani mchoro na mpangilio. Kinachokosekana zaidi ni mwendelezo: baada ya mwaka wa 8, aliyeonyesha kipaji hana pa kwenda ila Beaux-Arts, na shule moja haiwezi kubeba mji wenye komini 7.

Majirani wanasogea. Afrika Kusini ina somo la michoro ya uhandisi na ubunifu katika madarasa 3 ya mwisho ya sekondari. Tanzania ilianza mwaka 2024 kuingiza mkondo wa amali katika sekondari. Kenya imefungua mwaka 2026 sekondari ya juu yenye njia 3, na mojawapo ni ya sanaa na michezo. Hakuna kati ya nchi hizo iliyomaliza matatizo yake. Lakini bidhaa zao zinavuka Kasumbalesa zikiwa ndani ya mifuko na maboksi yaliyobuniwa vizuri, zikikaa sokoni kando ya asali na unga wa hapa uliofungwa kwenye mfuko usio na jina. Mnunuzi hachagui kwa ulimi, maana hajaonja bado. Anachagua kwa macho.

Majibu kwa wenye mashaka

Pingamizi la kwanza ni pesa. Shule nyingi hazina madawati ya kutosha, na bado wapo walimu wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya Serkali. Nani atanunua kompyuta? Pingamizi hili ni la haki, na ndiyo maana kuanza na chumba cha kompyuta ni kuanza vibaya. Zawadi za namna hiyo zinajulikana: siku ya kwanza kuna hotuba na picha, mwezi wa pili umeme umekatika, mwaka wa pili mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa prefe. Nusu ya somo hili inahitaji penseli, rula, karatasi na macho. Herufi, uwiano, rangi, fremu ya serigrafia, vyote vinafundishwa mchana bila SNEL. Kwa ile nusu nyingine, kompyuta chache zilizotumika, zikiwa na programu za bure kama Inkscape, GIMP na Scribus, zinatosha kuanza. Programu hizo hazihitaji intaneti zikishawekwa, wala hazimlazimishi mwanafunzi kuanza kazi yake kwa kuiba programu ya watu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wazazi: mtoto asome kitu cha maana, awe mhandisi au mwanasheria. Uchungu wa mzazi unaeleweka, amelipa miaka 12 akitaka kuona matunda. Lakini aangalie pia idadi ya wenye diploma ya sheria wanaouza mega za simu kandokando ya barabara. Kijana aliyesoma grafiki pamoja na hesabu na lugha hajafungiwa njia. Anaweza kuendelea katika usanifu wa majengo, informatiki, habari, biashara, au Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa. Na akikosa pesa za chuo, ana kitu mkononi kesho yake asubuhi.

Pingamizi la tatu ni jipya: akili bandia inachora sasa kwa sekunde chache, kwa nini kumfundisha mtoto kazi ambayo mashine imeichukua? Jibu linaonekana kwenye mabango yenyewe yaliyokwisha kuanza kutokea mjini, yenye sura za watu wasiofanana na wa hapa na maneno ya Kiswahili yaliyokosewa. Mashine inatoa picha. Haijui kwamba bango litatundikwa mahali penye vumbi jekundu la kiangazi, wala kwamba mteja wa Ruashi anasema hivi na si vile. Anayeweza kuitawala ni yule aliyefundishwa kutofautisha kazi nzuri na mbaya. Asiyefundishwa ndiye itakayemnyang'anya mkate kwanza.

Pingamizi la nne ndilo zito, nalo halisemwi kwa sauti: mkono unaojua kuchora nembo unajua pia kuiga muhuri. Diploma bandia na hati bandia zinatengenezwa kwa programu zilezile. Ni kweli, na hiyo ni sababu nyingine ya kuleta kazi hii darasani. Barabara haimfundishi mtu kwamba kuna sheria ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, wala kwamba picha aliyoichukua kwenye simu ina mwenyewe. Mwalimu anaweza kumfundisha.

Nini kifanyike

Kwanza, wizara ya elimu na ofisi zake za jimbo zianze na shule chache, walau moja katika kila komini, kwa kuongeza mchoro na mpangilio ndani ya saa za teknolojia zilizopo. Baada ya hapo ndipo ifikiriwe opsioni kamili yenye mtihani wake wa Exetat. Opsioni isiyo na mtihani wa taifa, mzazi haiamini.

Pili, Institut des Beaux-Arts ifanywe mama wa walimu. Likizo kubwa inatosha kuwapa mafunzo ya kwanza walimu wa teknolojia na wa kuchora. INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kuandaa wafanyakazi, inaweza kusaidia upande wa mashine. Na mafundi wa barabarani waalikwe darasani kama wasaidizi wa kulipwa. Wengi hawana diploma, lakini wana miaka 10 ya wino kwenye vidole.

Tatu, pesa zitafutwe pale zilipo. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kila kampuni ya uchimbaji kutenga walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa na mgodi wake. Sheria hiyo inalipa pia jimbo asilimia 25 ya mrahaba wa madini, na maeneo ya chini, kama komini na chefferie, asilimia 15. Komini zilizo jirani na migodi hazikosi basi haki ya kuomba. Kinachokosekana ni ombi lililoandikwa vizuri, lenye hesabu wazi, na kamati ya wazazi inayofuatilia mpaka mwisho. Shaba na kobalti ya Katanga imo ndani ya simu na kompyuta za dunia nzima. Si kiburi kutaka chache zirudi zikiwa zimekamilika.

Nne, wasichana wasiachwe nje. Kwa miaka mingi, mtoto wa kike mwenye mkono mwepesi ameelekezwa kwenye ushonaji bila kuulizwa. Ushonaji ni kazi ya heshima. Lakini aelekezwe huko kwa hiari yake, akijua kwamba kuna meza nyingine ambapo jicho lake lina thamani ileile.

Tano, shule zenyewe ziwe wateja wa kwanza. Kila shule inachapisha bulletini, kadi za wanafunzi, mabango ya sherehe, fulana za michezo. Kazi hiyo ikifanywa na wanafunzi chini ya mwalimu, pesa zinabaki shuleni kununua wino, na mwanafunzi anamaliza akiwa na kazi za kuonyesha, si pointi peke yake.

Hakuna kati ya hayo linalosubiri muujiza. Mengine yanasubiri saini, mengine yanasubiri mkutano mmoja wa wazazi. Wakati huo huo, mtoto wa mwaka wa 8 hangoji. Miezi michache ijayo atajaza karatasi ya kuchagua seksioni, na kama hakuna atakayemweleza, ataandika lile alilochagua jirani yake. Kisha, siku diploma itakapokosa kazi, atarudi kwenye kile kibanda cha barabarani kuomba afundishwe tangu mwanzo, akiwa na miaka 25, na mwalimu wake atakuwa rafiki ambaye naye hakufundishwa na mtu.